Kivinjari cha Helvi

"Hicho unachotaka kumwekea si kivinjari, ni nanga," Orville alisema, ameegemea koleo lake la theluji. "Kompyuta ina miaka kumi na minne, kumbukumbu gigabaiti mbili tu, halafu unaitwisha dude kama hilo. Kwa nini usiibebeshe na friji?"

"Dunia nzima wanatumia hicho, mzee," Gino akamjibu kutoka upande wake wa uzio. "Au dunia nzima wajinga, mwerevu ni wewe peke yako?"

"Dunia nzima hawana kompyuta ya Helvi."

Mimi nilikuwa nimetoka kuchukua barua tu, slipa miguuni, na baridi ilikuwa digrii ishirini na tatu chini ya sifuri. Barua nikazisahau. Ugomvi mzuri haupitwi hivi hivi, hasa Februari, mwezi ambao mji wetu wote wa Thunder Bay umejifungia ndani na habari zimeadimika.

Gino anakaa kushoto kwa Helvi, Orville kulia kwake, na mimi Carmela nakaa ng'ambo ya barabara, dirisha langu la jikoni likitazamana na milango yao yote mitatu. Kwa hiyo ninayosema nimeyaona.

Helvi ni mjane wa miaka sabini na minane. Kila kiangazi wanawe hukutana naye Ziwa Tamarak, wapige mahema, waogelee, wale samaki. Mwanawe mkubwa, Pekka, yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu aanguke kazini. Pale Tamarak kuna kiwanja kimoja tu cha kambi, namba sitini na moja, chenye njia iliyosakafiwa inayoteremka taratibu mpaka ndani ya maji. Vingine vyote ni mchanga na mizizi. Na viwanja hivyo hufunguliwa kwenye mtandao miezi mitano kabla, saa moja kamili asubuhi. Ukichelewa dakika mbili, umekosa mwaka mzima.

Mwaka jana Gino alijitolea. Njoo kwangu, alimwambia, kompyuta yangu mpya, inaruka. Kweli iliruka. Ila Gino alikuwa anasimulia habari za goti lake huku anabonyeza, akachukua kiwanja cha karibu na vyoo, juu kabisa kilimani. Alipogundua, sitini na moja ilikuwa na mwenyewe. Pekka alikaa huko juu siku nne na sahani mapajani, akiwatazama dada zake wakiogelea. Akamwambia mama yake, "Usijali, naona vizuri kutoka huku." Helvi hakumtukana Gino. Alimwambia tu, "Asante kwa muda wako," na mtaani kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo.

Mwaka huu alikuwa ameapa: nyumba yake, kompyuta yake, vidole vyake. Na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa siku.

Mlango wa Helvi ukafunguka. "Mnagombania kompyuta yangu na mimi nipo ndani?" alisema. "Njooni mgombane mbele yake. Carmela, na wewe, kabla vidole vya miguu havijadondoka."

Jikoni alitumiminia kahawa. Orville akatoa mfukoni saa yake ya kupimia sekunde. Orville ni mstaafu wa kampuni ya simu, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni nahodha wa timu ya kusukuma mawe kwenye barafu, na watu wa mchezo ule hawaamini kitu ambacho hakijapimwa.

"Maneno basi," alisema. "Tunapima. Kutoka kubonyeza mpaka ramani ya viwanja itokee yote."

Wakaanza na kivinjari cha Gino. Feni ya kompyuta ikalia kama kikausha nywele. Gurudumu likazunguka, likazunguka. Nilikunywa nusu kikombe.

"Sekunde arobaini na moja," Orville akasoma.

"Imepoa tu, jaribu tena," Gino alisema.

Walijaribu tena. Thelathini na nane.

"Sasa muone mwanaume," Orville alisema, akafungua kile alichokuwa anakisifia kwenye uzio, chembamba, anachokitumia kwenye kompyuta kongwe ya kilabu chao cha mchezo. Sekunde mbili, ukurasa huo hapo. Akatutazama kwa zamu kama jogoo. Helvi akasogeza miwani.

"Ramani iko wapi?"

Palipotakiwa kuwa na ramani palikuwa peupe kama theluji ya nje.

Gino alicheka mpaka akashika goti lake maarufu. "Kinakimbia kwa sababu hakijabeba kitu, mzee wangu. Hata mimi ningekimbia."

Orville akachokonoa mipangilio, kisha akasema kiungwana, kwa sababu ni mtu wa haki: "Mara ya mwisho kusasishwa ni miaka sita iliyopita. Kufuli ambalo halijabadilishwa miaka sita, siandiki namba ya kadi ya mtu humo. Nitakitoa na kule kilabu."

Kikabaki kivinjari kimoja ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho, ambacho binti mdogo wa Helvi alikiweka zamani. Orville alikisasisha kwanza. Bado kinatunzwa na waliokitengeneza, alisema, kinazuia matangazo chenyewe, na ukurasa usioutazama kinaulaza. Akapima. Sekunde kumi na tisa.

"Si haba," Gino alisema kwa shida.

"Hebu, hivi vyote hapa juu ni nini?" Orville aliuliza.

Hapo Helvi akaona aibu kidogo. Sisi wanawake wa mtaa huu tumelelewa na kuponi. Duka likikwambia bonyeza hapa upunguziwe sabuni, unabonyeza. Helvi alikuwa amebonyeza miaka tisa, na kila duka lilimwachia kidude chake, vimejipanga juu ya kivinjari kama kupe kwenye sikio la mbwa. Vilikuwa kumi na moja.

"Vyote vinakula kumbukumbu, Helvi. Hata umelala."

"Hicho cha kahawa kiache."

"Helvi."

"Haya, toa."

Vikatoka kimoja kimoja. Akapima tena: sekunde tano, na ramani yote, kila kiwanja na rangi yake.

"Hicho," Helvi alisema. "Sasa nendeni makwenu, nataka kulala mapema."

Gino aliondoka bila kumaliza kahawa. Nilimwona akivuka theluji kichwa chini, nikajisemea, huyu ana jambo.

Asubuhi, saa moja kasoro robo, mimi na Orville tulikuwa tumeketi jikoni kwa Helvi. Supu yake ya samaki na viazi ilikuwa tayari juu ya jiko. Aliianza alfajiri, alisema mikono ilitaka kazi. Mbele yake alikuwa ameweka kadi ya benki na kibali cha kiti cha magurudumu cha Pekka, chenye majina yao wawili, kwa sababu kiwanja kile hakitolewi bila namba ya kibali. Kwenye skrini hakuna kingine kilichofunguliwa.

Saa moja kamili akabonyeza. Sekunde tano. Ramani ikatokea, kijani kila mahali. Sitini na moja ilikuwa ya njano.

"Njano ni nini?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Kuna mtu amekishika," Orville alisema. "Ana dakika kumi na tano za kujaza fomu."

Helvi akaondoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

Nikageuza shingo dirishani. Taa ya ofisi ya Gino nyumbani kwake ilikuwa inawaka, na mtu ambaye tangu astaafu hajawahi kuamka kabla ya saa tatu alionekana ameinamia meza. Nikachukua simu.

"Gino, unafanya nini?"

"Nimekipata, Carmela. Sitini na moja, yenyewe, nimehakikisha mara tatu. Mwambie Helvi atulie, nimemshikia."

"Umemshikia au umemnyang'anya? Yuko hapa anatazama njano."

Sauti ikashuka. "Fomu inaniuliza kibali. Nimeweka ile namba yake ya mwaka jana, inasema jina langu si la kwenye kibali. Nifanyeje?"

Nikaweka simu katikati ya meza ili wote wasikie. Orville alianza kumpa anachostahili, Helvi akamwekea mkono begani.

"Ukikiachia, nani anakipata?" aliuliza.

"Wa kwanza kubonyeza," Orville alisema. "Kuna watu nchi nzima wamekaa wanavizia njano igeuke."

"Lakini hawajui itageuka saa ngapi. Sisi tunajua." Akavuta kiti. "Sekunde tano ni nyingi. Nini kinachelewesha?"

"Picha ya ramani."

"Ramani ya nini? Kiwanja nakijua."

Orville akaibadilisha ikawa orodha ya namba tupu, akapakia ukurasa upya kwa majaribio. Sekunde moja na nusu. Kompyuta haikulia hata feni. Kwa ile nanga ya Gino, nikawaza, tungekuwa bado tunatazama gurudumu.

"Gino," Helvi alisema. "Usinisimulie kitu. Nikisema sasa, achia."

"Sawa, mama."

Akaweka kidole. Akavuta pumzi. "Sasa."

"Nimeachia."

Akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe, namba zikashuka, sitini na moja ikatokea ya kijani, akaibonyeza kabla sijamaliza kuisoma. Chini yake yakaandikwa maneno kwamba imeshikwa kwa jina la Helvi Lahtinen.

Hakuna aliyepiga kelele. Helvi alijaza fomu kwa vidole viwili, taratibu, akisoma namba ya kibali kwa sauti mara mbili. Barua pepe ya uthibitisho ilipoingia, aliifungua, akahakikisha tarehe, akahakikisha namba. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa aproni muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ataingia majini," alisema.

Mimi nilikuwa nimeshasimama dirishani. "Helvi, kuna mtu kwenye ngazi zako. Hajabisha. Hana hata kofia."

Akaenda kufungua mwenyewe. Gino alikuwa amesimama hapo, nyusi zimeshika barafu, mikono mfukoni.

"Nilitaka kurekebisha ya mwaka jana," alisema.

"Najua."

"Ningebaki kitandani tu ingekuwa nafuu."

"Ingekuwa nafuu sana," Helvi alisema. Akamtazama kitambo, sisi wawili nyuma yake tukijifanya tunapanga vijiko. Kisha akasogea pembeni, akaufungua mlango wote.

"Vua buti, Gino. Ingia ule, supu iko mezani."