Chanjo Isiyovimba

Serikali iliponipunguza kazi ya ubwana mifugo, mradi mmoja wa majaribio ya chanjo uliniokota Kimandolu. Nikajiona msomi. Homa ya mapafu ilikuwa inamaliza ng'ombe magharibi ya Mlima Meru, nami nikawachoma sindano ndama thelathini wa Mzee Saning'o. Ndiyo mali yote iliyombakia.

"Umewapa ugonjwa kidogo?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Nimewapa maelekezo tu. Nyama ya ndama itayasoma, itengeneze kipande cha mdudu wa homa kisichodhuru. Mwili ukikiona kipande hicho utaunda kingamwili, askari wa kumkamata mdudu mwenyewe akija. Ila subiri wiki sita, askari watimie."

"Askari hao nitawaonaje?"

"Huwaoni. Wamo kwenye damu, tutawapima mjini."

Dereva wa mradi alikuwa ananipigia honi. Nikaondoka, mjinga mimi, bila kumwuliza yeye anajua chanjo ya namna gani.

Kwa wafugaji wa kwao chanjo huonekana. Baba zao walichana pua ya ng'ombe wakapachika kipande cha pafu la aliyekufa kwa homa hiyo. Pua ikivimba, imeshika. Mzee alingoja siku tisa. Hakuna uvimbe, hakuna homa, ndama wanaruka tu. Akaona nimemchezea. Ng'ombe wa jirani alipokufa, akaenda kuomba pafu, akanoa kisu. Mkewe, Nkasiogi, alikataa katakata ndama wawili wa nyumba yake, nao waliochomwa sindano, wasiguswe, na mzee akamwachia.

Niliporudi wiki ya sita, nilikuta hao wawili tu. Wengine pua zilivimba hadi machoni, wakashindwa kula, wakashindwa kupumua. Wawili wale walikuwa wamelala zizi moja na wagonjwa, na hawakukohoa hata mara moja. Niliwatoa damu, nikaipeleka mjini.

Majibu yalipotoka nilipanda tena kwa mzee. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Damu inasemaje?"

"Imejaa kingamwili."

"Kwa hiyo sindano yako ilikuwa inafanya kazi. Kwa wote."

Nilitamani kudanganya. Ningesema wale wawili walibahatika, akalala usingizi. Lakini Nkasiogi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Ilikuwa inafanya kazi, mzee."

Akakaa chini palepale zizini, akajifunika shuka usoni.

"Basi ni mimi," alisema.