Gauni Limekataa

Shule ilikuwa na kikundi cha ngoma, na kikundi kilikuwa na kabati. Ukiuliza kipi kilistahili kulindwa zaidi, hakuna mwalimu ambaye angekujibu waziwazi, lakini kila mtu alijua ni kipi kilichokuwa na kufuli.

Kabatini yalining'inia magauni ya kijani yenye marinda ya njano, zawadi ya mfadhili mmoja aliyewahi kuja, akapigwa picha, akaondoka. Alipoyashonesha hakuuliza wachezaji wana maumbo gani. Alishonesha magauni ya wasichana wembamba wa kimo cha dawati, akaona kazi imekwisha. Wasichana wakaja na kuondoka, magauni yakabaki. Basi shule ikajiundia utaratibu ambao hata punda angeucheka: badala ya kutafuta nguo ya kumtosha mchezaji, ikawa inatafuta mchezaji wa kutosha nguo.

Siku ya kuchagua wachezaji hakuna aliyecheza, wala hapakuwa na muziki. Wasichana walipanga foleni kwenye stoo ya michezo, katikati ya mipira iliyoishiwa upepo na harufu ya raba kuukuu, na mlezi wa kikundi, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kabati, akawavisha mmoja mmoja. Zipu ikipanda hadi shingoni, wewe ni mchezaji. Zipu ikigoma njiani, huna kipaji. Wavulana hawakuitwa kabisa. Kwa kuwa kabatini hamkuwa na suruali, shule iliamini kwa moyo mmoja kwamba wavulana hawapendi ngoma.

Mwaka huo shule ilialikwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la shule zote, katika ukumbi wenye jukwaa la mbao. Hakuna aliyeusubiri mwaliko ule kama msichana waliyemwita Mnara. Alikuwa anamaliza shule mwaka huo. Asipocheza sasa, hatacheza tena akiwa mwanafunzi. Ndiye aliyesimama mbele siku zote, na ndiye aliyewafundisha wenzake, maana Mama Kabati hakujua kucheza hata kwa kusukumwa. Alijua kupiga pasi, na kwa hilo apewe haki yake.

Tatizo ni kwamba wakati wa likizo Mnara alifanya kosa kubwa. Alikua.

"Toa pumzi," Mama Kabati alimwambia, vidole vikiwa kwenye zipu.

"Nimeshatoa, mwalimu."

"Toa na iliyobaki."

Mnara akatoa. Zipu ikafika katikati ya mgongo, ikatia nanga. Mama Kabati akavuta, akapumzika, akavuta tena kwa huruma, lakini huruma yote ilikuwa ya marinda.

"Basi, mwanangu. Gauni limekataa."

"Mwalimu, tukilegeza mshono hapa ubavuni..."

"Usiniangalie hivyo. Ningekukataa mimi, ungesema nina chuki. Hili ni gauni, halina ugomvi na mtu."

Nyuma yake alikuwa Punje, msichana mdogo aliyekuwa bado anatafuta upande wa kushoto kwa kuangalia mkono anaoandikia. Zipu yake iliteleza hadi shingoni kama maji mferejini.

"Huyu sasa ndiye mchezaji," Mama Kabati akasema. Punje alikuwa hajanyanyua hata kisigino.

Mnara hakumwambia mama yake. Aliacha kula. Mama alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, beseni la kuoshea nywele na kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kamba. Chakula cha mchana alikula hapohapo, akimwekea mwanawe sehemu yake juu ya kikaushio cha nywele. Siku ya tatu alifunua bakuli, akalitazama, akamtazama mwenye bakuli.

"Hiki chakula kimerudi kama kilivyokwenda. Unaumwa, au unamsusia nani?"

"Sina njaa, mama."

"Mtoto wa kimo chako hana njaa? Sema ukweli."

Ukweli ukatoka, na machozi yakausindikiza. Mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa akageuka asikose neno.

"Kwa hiyo anajikondesha ili aingie kwenye gauni?" mteja aliuliza.

"Ajikondeshe wapi, shoga yangu? Hebu yaone hayo mabega. Mwanangu, nyama itapungua, mfupa utaupeleka wapi?" Akachomeka kitana kwenye nywele za mteja, akajifuta mikono. "Dada, nisubiri. Sichelewi."

Mteja alikaa na nusu kichwa mchana kutwa.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na feni, kochi la wageni na ubao uliochorwa kwa rangi nyekundu: MCHEZA KWAO HUTUNZWA. Mama alisalimia, akakaribishwa, akaeleza. Mama Kabati naye akaitwa, akaja na ufunguo mkononi, kana kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka kuuiba.

"Mafundi cherehani wamejaa mtaani kwetu," mama alisema. "Nitalipa mwenyewe. Litalegezwa ubavuni, hakuna atakayejua."

"Mzazi, hiyo ni mali ya shule," Mama Kabati akajibu. "Likitiwa mkasi, mfadhili akija tutamwambia nini?"

"Basi acheze na fulana yake na sketi ya shule."

Mwalimu Mkuu akatabasamu, tabasamu lile la mtu anayempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, kikundi ni sura ya shule. Mmoja akiwa tofauti, sura imeharibika."

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni vichwa vya watu. Kichwa kikikataa kofia, tunatafuta kofia nyingine. Sijaona mtu anachonga kichwa."

"Una maneno wewe mama," Mwalimu Mkuu akacheka kwa raha, kama mtu aliyesimuliwa habari za shule nyingine. "Lakini hatukumtupa mwanao. Tumemfikiria. Atabonyeza muziki. Na awafundishe wadogo zake, hasa huyu Punje, ndiye atakayesimama mbele. Hiyo ni heshima kubwa."

Mama aliaga, akamchukua Mnara. Njiani alimwambia mwanawe, "Ukitaka kukataa, kataa. Nitakuwa nyuma yako."

Mnara hakukataa. Aliwapenda wale wadogo, na moyoni alijidanganya kwamba wakubwa wakiona anavyojitolea, watalainika. Ni ugonjwa wa watoto wema, na shule nyingi huishi kwa ugonjwa huo. Akawafundisha kila siku baada ya masomo. Kila walipopotea, macho yao yalikwenda kwake palepale alipokaa kando ya spika, na yeye, bila kusimama, aliwaonyesha kwa bega au kwa kidevu. Mama Kabati aliliona hilo, na akachukua hatua. Aliagiza siku ya tamasha mbonyezaji akae nyuma ya pazia, asiwavuruge wachezaji.

Basi siku hiyo Mnara alilisikia tamasha. Hakuliona. Alibonyeza, muziki ukaanza, na kutoka gizani akazisikiliza nyayo juu ya mbao. Mwanzoni zilikwenda pamoja. Kisha upande mmoja ukachelewa, mwingine ukawahi, na ilipofika sehemu ya kugeuka akasikia mwili mdogo umegonga mwingine, na watu ukumbini wakaguna. Alijua ni Punje, na alijua kwa wakati ule Punje anamtafuta nani. Mkono wake ukashika pazia. Mama Kabati, aliyekuwa amesimama hapo na kopo la pini, akatikisa kichwa mara moja tu. Mnara akauachia ule mkunjo wa kitambaa. Ndani ya viatu vyake, vidole vya miguu vilicheza ngoma nzima hadi mwisho.

Waamuzi hawakuwa vipofu. Kwa uchezaji, shule ilishika mkia. Lakini palikuwa na kikombe cha mavazi bora, na kikombe hicho ikakipata shule yetu. Mama Kabati alilia. Mwalimu Mkuu alikiinua juu ya kichwa, akakibusu, akapigwa picha nacho. Wachezaji walisimama nyuma, magauni yakiwa yamenyooka, nyuso zikiwa zimekunjamana.

Siku ya kwanza ya masomo, mstarini, kikombe kiliwekwa juu ya meza yenye kitambaa. Mwalimu Mkuu alisema programu ya ngoma imefaulu na haitabadilishwa hata nukta. Akaongeza kwamba mfadhili amesikia, anakuja kuwaona wachezaji, na kwamba Mnara ataanza mara moja kuwanoa wadogo zake.

Mama Kabati alimkuta Mnara stoo, akiirudisha spika mahali pake.

"Tuanze leo. Safari hii wasigongane."

"Mimi sitaweza, mwalimu."

"Huwezi nini?"

"Kuwafundisha. Kikombe limepewa gauni. Na lifundishe lenyewe."

Alisema taratibu, mikono nyuma, kwa adabu zote alizofundishwa nyumbani, na ndiyo maana lilichoma. Kabla ya kengele ya pili alikuwa amepewa adhabu: kufagia uwanja wa nyuma ya madarasa, juma zima, kila jioni.

Jioni ya kwanza Punje alimfuata, amejikunyata kama aliyevunja chombo.

"Dada, umenikasirikia?"

"Wewe? Kwa lipi?"

"Sasa mbona umekataa kunifundisha? Mimi bado sijui kugeuka."

Mnara alimtazama. Hasira yote aliyokuwa ameituma ofisini ilikuwa imepita juu ya vichwa vya wakubwa ikamwangukia huyu. Akaegemeza fagio ukutani.

"Nilikataa kulifundisha gauni. Wewe njoo hapa. Vua viatu."

Wakaanza bila spika, Mnara akiimba kwa pumzi. Kesho yake walikuja wadogo wengine, wakiwa na sketi zao za shule. Wakaja na waliokataliwa na zipu miaka ya nyuma, mmoja wa kiuno kipana aliyezoea kusema ngoma ni ya washamba, na msichana mwenye goti bovu aliyechezea mabega tu, akayachezea vizuri kuliko waliokuwa na miguu yote. Mwishowe akajitokeza golikipa wa shule, jitu la kijana, akazungukazunguka karibu na bomba la maji.

"Na sisi tunaruhusiwa?" akauliza, akitazama pembeni.

"Unaona mtu mwenye ufunguo hapa?" Mnara akamjibu. "Ingia mstari wa nyuma, usitukanyage."

Dirisha la ofisi likafunguka. Mama Kabati akatoa kichwa, akakohoa, akapepea mkono mbele ya uso, maana vumbi lilikuwa limepanda hadi kizingitini.

"Kuna nini hapo? Wewe si nilikupa adhabu?"

"Ndiyo, mwalimu," Mnara alisema, bila kuacha kucheza. "Tunafagia."