Tumbo la Mwacheni

Mbwa wa Bibi Benedikta aliitwa Mwacheni. Jina alipewa na marehemu mume wa bibi, siku watoto walipokuwa wakimfukuza kwa mawe angali mdogo, na tangu hapo kila aliyemwita alikuwa anamtetea bila kujua. Ilipofika zamu yao ya kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya njia ya zamani ya wapagazi itokayo Tabora, mbwa wengi waliachwa kwenye mahame. Mwacheni alisafiri amefunikwa mkeka, na dereva wa lori, aliyeuona mkia wake, aligeuza uso akajifanya anakagua gurudumu. Bibi Benedikta hakumsahau dereva yule.

Nyumba za kijiji kipya zilipangwa kwa mistari, na waliokaa ndani yake hawakujuana. Bibi alishinda mlangoni pake. Watu walimwamkia wakiwa mwendoni, majembe begani, na marahaba yake iliwakuta wamekwisha kupita.

Halafu tumbo la Mwacheni likaanza kujaa.

"Huyu ana mimba," alisema Amne, jirani wa nyumba ya pili, akasimama kabisa. "Bibi, mimi niwekee dume. Fisi wa huku wanazijua mbuzi zangu kwa majina."

"Mbwa mzee kama huyu, Amne?"

"Amezeeka miguu tu. Tumbo halizeeki!"

Habari ikaenea. Mayala, mfugaji aliyetoka upande wa Igunga, akaja kuomba jike. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mmoja alileta mifupa, mwingine vichwa vya samaki wa chumvi. Mayala alileta bonge la chumvi ya Uvinza na kumwekea Mwacheni alambe. "Ng'ombe wangu wakiwa na mimba nawapa hii," alisema, "na ndama wao hutoka wanakimbia." Wakishatoa walikaa. Wakikaa walizungumza. Bibi Benedikta akaanza tena kupika uji wa sufuria kubwa, ile aliyokuwa ameifungia sandukuni tangu mazishi ya mumewe.

Mchana, jua likiwa limewanyamazisha hata kuku, alilala mkekani na mbwa wake, kiganja juu ya mbavu za kushoto. Moyo wa Mwacheni ulidunda mkononi mwake kwa haraka, ukijikwaa, ukianza tena. Bibi alisinzia. Usingizini yale mapigo yakawa nyayo, nyayo za akina babu yake waliopita njia hii na mizigo kichwani kwenda pwani, safu ndefu isiyo na mwisho, vumbi likielea kama maziwa ndani ya maji. Akawatazama wakipita, akangoja warudi. Wachache tu ndio waliorudi. Wengine walikuwa wameketi njiani, na pale walipoketi ardhi ilikuwa imelowa.

Aliamshwa na kikohozi cha Mwacheni.

Siku hiyo hiyo Eustace, bwana mifugo, alifika na baiskeli yake kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Taratibu na huyo, ana mimba."

Eustace alichuchumaa. Akaligonga tumbo kwa kidole upande mmoja, na kiganja chake cha upande wa pili kikapokea wimbi. Akatia mipira masikioni, akasikiliza kifuani kwa muda mrefu, kisha akampa bibi naye asikilize.

"Unasikia nini?"

"Kama mtu anapuliza. Fuu, fuu."

"Moyo una vyumba vinne na milango kati yake. Damu inakwenda mapafuni kuchukua hewa, inarudi moyoni, inapelekwa mwili mzima, inarudi tena. Mlango ukizeeka haufungi vizuri, damu nyingine inarudi ilikotoka. Hiyo ndiyo fuu fuu. Sasa moyo umechoka, damu inasongamana njiani, na maji yake yanavuja tumboni. Hakuna watoto humo, bibi. Ni maji."

Bibi aliyaona yale maji. Alikuwa ametoka kuyaota.

"Atapona?"

"Hapana. Ila anaweza kukaa nawe bado, kama hatakimbizwa, na kama hatapewa chumvi. Chumvi inayashika maji mwilini." Akalitazama bonge la Uvinza, lililolambwa likawa na shimo katikati. "Nani kampa hii?"

"Mtu mwema," alisema bibi.

Jioni walikuja kama kawaida. Bibi Benedikta aliwagawia uji kwanza, akatamani wanywe polepole. Akinyamaza, mlango wake utabaki na watu, na Mwacheni atakufa kwa mapenzi yao. Akisema, watakuwa na sababu gani ya kukaa? Amne alikuwa tayari ananyoosha mkono wenye kichwa cha samaki.

"Usimpe," bibi alisema. "Hana mimba. Moyo wake ni mgonjwa, na chumvi inamuua. Hakuna mtoto wa kumpa mtu. Nisameheni."

Mayala aliliokota bonge lake, akaligeuza mkononi kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. "Mimi nilikuwa namnenepesha kwa maji," alisema. Hakuna aliyecheka. Wakamaliza uji, wakaaga.

Asubuhi watu walipita na majembe. Mchana hakuja mtu. Bibi aliuweka mkono mbavuni mwa Mwacheni, akahesabu kimya chote kilichokuwa mlangoni, akaanza kuisugua sufuria kubwa ili airudishe sandukuni.

"Hodi! Bibi, umelala?"

Amne aliingia na bakuli limefunikwa kwa sahani, nyuma yake Mayala amebeba kigoda chake mwenyewe.

"Nimechelewa, nilikuwa nachemsha," alisema Amne. "Huyu Mayala amenisimamia jikoni kama askari, ananishika mkono kila nikigeuka. Onja wewe kwanza, usije ukasema nimemuua."

Bibi Benedikta aliinua bakuli akaonja. Ilikuwa supu ya mifupa, ya moto, isiyo na ladha hata kidogo. Akaonja tena. Kisha akamwekea Mwacheni, akaipeleka ile sufuria kubwa jikoni na kuitia maji ya uji.