Mwanya wa Sikudhani

Niliota usiku wa jana nimefika kwenye kibanda changu cha kuchorea mabango, nikakuta mashine ya kuchora picha imekalia kigoda changu. Imevaa aproni yangu yenye madoa. Sikushangaa, maana ndotoni mtu hashangai.

"Karibu, fundi," ikasema. "Unataka nikuchoree nini?"

Mimi ni mchoraji wa mabango ya saluni. Miaka yote mwanamke wa kwenye mabango hayo ni mmoja, mke wangu Sikudhani, na tangu afariki hapo ndipo ninapokutana naye. Mwaka huu saluni zimeyashusha yote. La mwisho nililitoa kwa Mama Shukuru juzi, nikaja nalo nyumbani. "Usininunie, fundi wangu," aliniambia, "siku hizi picha inatoka kwenye simu, na inatoka nzuri."

"Nichoree mke wangu," nikaiambia mashine.

Kibanda kinageuka ukumbi wa harusi. Wanaingia wanawake chungu nzima, wazuri kupita kiasi, kila mmoja ana vidole sita. "Mume wangu, umekula?" wanauliza kwa pamoja. Nimeshika pete, sijui niivishe kidole kipi.

"Hawa si yeye."

"Basi eleza. Mimi nafanya kazi kwa maelezo."

"Usiiambie kitu," brashi yangu ikanong'ona kutoka mfukoni. "Ukishataja kinakuwa chake."

Sikuisikiliza. Ningeisikilizaje, na tangu msiba ule hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula? Nikataja kovu la kidevuni. Likabanduka kichwani mwangu, likawatokea wanawake wote. Nikataja mwanya, nao ukaenda. Kadiri walivyozidi kufanana naye, ndivyo nilivyozidi kumsahau.

"Bado kidogo tu," mashine ikasema, kwa upole wa karani anayetaka kufunga dirisha. "Alikuwa anachekaje?"

Wanawake wote wananitazama, wanasubiri kucheka. Natamani niseme tu, nipate hata huyo wa bandia wa kula naye.

"Sisemi."

"Basi utarudi peke yako."

"Nilikuja peke yangu," nikajibu, nikaamka.

Kumeshakucha. Bango la Mama Shukuru limeegemea ukutani palepale nilipoliacha. Sikudhani anatabasamu, ila meno yamefungana, mwanya haupo. Niliyagusa. Rangi nyeupe ilikuwa mbichi.

Nikachukua brashi niurudishe, mkono ukasita. Ulikuwa katikati au pembeni? Nimeuchora miaka nenda miaka rudi, na sikukumbuka. Nililia, sioni haya kusema.

Kisha nikachora lile nililokataa kulitaja, ambalo wenye saluni hawakulitaka kamwe kwa sababu linaficha meno: kiganja chake mdomoni, kama alivyojiziba kila alipocheka. Nilipomaliza nilihesabu vidole. Vilikuwa vitano.

"Sijala," nikamwambia.