Jiliwa Lililogoma Kutoka Kaburini

Usiku wa jana niliota nimepangwa chini juu ya turubai, katikati ya mafundi wenzangu, tunauzwa. Wateja ni vifaa.

Sikushangaa. Nilijisogeza kidogo nipate kivuli, nikamuuliza jirani yangu kama soko limechangamka. Akasema wateja wapo, ila wanachagua sana. Yeye alikuwa fundi bomba kutoka Nzega, amerudishwa sokoni baada ya msumeno kulalamika kwamba ana mikono ya uji.

Mimi ni seremala hapa Tabora, naitwa Mihayo, na hata ndotoni nilijua kilichonileta. Nimeacha kazi kwa Fundi Bundala ili nijitegemee. Kazi ya mabenchi ya zahanati nimeipata, mbao za mninga zipo, kibanda kipo, na mke wangu Nyamizi ameshapaka jina langu mlangoni. Kisichokuwepo ni jiliwa, lile dude la chuma linalofungwa mezani likabana ubao kwa taya zake usikimbie. Nililonunua jipya lilipasuka taya siku ya kwanza, likiwa limeshika ubao kwa adabu kabisa. Pesa ya kukosea nilikuwa nayo, nimeshaitumia. Nisipopata jiliwa jingine mabenchi hayatoki, na mabenchi yasipotoka narudi kwa Bundala. Naye alishaniaga vizuri: "Nenda, Mihayo. Utarudi tu. Ufagio wako sitampa mtu."

Kwa hiyo nilitulia juu ya turubai, nikajitahidi kuonekana wa kudumu.

Inakuja nyundo, inatembea kwa kichwa, mpini juu. Inainama, inanigonga goti, inasikiliza.

"Huyu ana mlio wa debe," inasema.

"Ni njaa tu hiyo," nikajibu.

"Wote mnasema hivyo." Ikapita.

Ikafuata randa. Ikafumba jicho moja, ikaanza kunitazama kutoka unyayoni kupanda juu, kama sisi tunavyotazama ubao tukitaka kujua umepinda wapi.

"Amepinda."

"Ni mgongo wa kazi, mama."

"Mgongo sijaufikia bado," ikasema, ikaenda zake.

Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, lilipokuja jiliwa jipya la buluu, linang'aa kama peremende iliyotoka mdomoni.

"Bosi!" likapaza sauti. "Mkurugenzi! Nani kakulaza chini, mtu mkubwa kama wewe? Hebu ona huo mkono. Mkono wa dhahabu! Mimi na wewe tutajenga ghorofa."

Mtu aliyetukanwa na Bundala tangu ujana wake akiitwa mkurugenzi, akili inavua viatu inaingia ndani yenyewe. Nikaketi.

"Unabana vizuri?" nikauliza.

"Bosi, mimi nabana mpaka mawazo."

"Una dhamana?"

"Ya maisha."

"Maisha ya nani?"

"Yangu," likasema, likanyoosha mpini tupeane mkono.

Nikaushika. Jiliwa likasema "aa," kwa sauti ndogo tu, likalala.

Sasa tupo wodini. Sikumbuki tulivyofika. Vitandani wamelala bisibisi waliopinda pua, keekee moja ya kutobolea mbao inakohoa moshi, na futi ya kupimia ambayo ulimi umetoka nje na haurudi. Daktari ni tupa mrefu wa kunolea misumeno, aliyevaa koti jeupe. Akamsugua mgonjwa wangu shavuni mara moja. Rangi ya buluu ikatoka. Chini ya rangi kulikuwa na pati ya kuzibia matundu. Chini ya pati kulikuwa na unga.

"Amefariki," akasema daktari.

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kuguswa."

"Nilimpa mkono tu!"

"Wengi wao huenda hivyo. Ulimzungusha mpini ukaona hesi za skrubu yake zinavyokwenda? Ulitikisa taya kujua kama zinacheza? Ulimnyanyua walau, usikie uzito?"

"Aliniita bosi."

Daktari akavua miwani. "Poleni sana," akasema, kwa wingi, kana kwamba ukoo wetu wote umeitwa bosi.

Na kwa kuwa mimi ndiye niliyemgusa mwisho, mfiwa ni mimi. Tunazika. Vifaa vyote vya sokoni vimekuja, vimekaa kwenye mikeka, na fundi bomba wa Nzega ameshachimba. Tunapoinua maiti kuishusha, tunakuta kaburi lina mtu.

Mtu mwenyewe ni jiliwa kongwe, jeusi, kubwa kama mbuzi, mabega yote kutu. Limelala chali, mpini juu ya kifua, kama mzee aliyeshiba ugali.

"Shikamoo," nikasema, maana lilionekana kunizidi umri.

"Shikamoo ya nini?" likafoka. "Anayeniamkia kwa heshima najua anatafuta njia ya kunikimbia. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Likacheka, taya zikagongana. "Lo! Nimekupata. Mimi nilishushwa bandarini enzi hizo, nikakaa Uzaramo mpaka nikawa Mzaramo, ndipo nikapandishwa treni kuja huku. Basi nyamaza, mtani wangu. Maiti haiingii humu mpaka mimi nitolewe."

Hapo nikajua nimekamatika. Mtani akilala kaburini humvuti mguu, humwitii polisi, wala humhubirii. Ni haki yake. Unakaa naye mpaka aridhike, na ukikasirika umeshindwa mbele ya msiba mzima.

"Haya, unataka nini?"

"Ninyanyuliwe. Na wewe mwenyewe. Babu zako walibeba mizigo ya watu toka huku mpaka pwani, kichwani, wanaimba. Wewe umebeba nini? Maneno ya jiliwa la buluu!"

Msiba wote ukacheka. Hata maiti ilicheka, ikapasuka upya.

"Sisi tulitembea," nikasema. "Nyie mlikaa chini ya mnazi mnangoja mzigo ufike, ndipo mseme mmechoka."

"Eee! Kumbe ana mdomo! Na huo uso, ulizaliwa nao au kuna mtu alikufanyia?"

"Niliuokota mnadani. Ulikuwa bei poa, na mpaka leo haujaharibika."

Likajisogeza upande, likaacha nafasi. Halafu likasema, kwa sauti ya chini, "Shuka."

Nikashuka kaburini. Nikaokota jiwe, nikaligonga ubavuni kama tunavyogonga chuma cha mtumba. Mlio ukatoka mrefu, mwembamba, haukwaruzi popote. Ulikwenda mpaka ukingoni mwa makaburi, ukarudi.

"Una kutu lakini," nikasema, maana mtu asionyeshe furaha mapema.

"Kutu ni nguo. Ugonjwa ni ufa. Zungusha."

Nikazungusha mpini. Hesi zilikwenda taratibu bila kuyumba, taya zikakutana, nikachungulia katikati yake nisione mwanga. Nikatikisa. Hakuna kilichocheza. Moyo wangu ukaanza kufanya kelele, nikakohoa usisikike.

"Umemaliza?" likauliza. "Sasa zamu yangu. Simama wima."

Likainua mpini, likanigonga kifuani.

Vifaa vikanyanyuka mikekani. Nyundo ikasogea mbele isikie vizuri. Mimi nilifumba macho. Nilimfikiria Bundala na ufagio wake, nikaomba angalau mlio usiwe wa debe.

Mlio haukuwa mzuri. Ulikuwa mzito, na ulikwama kidogo pale mbavu zilipoungana vibaya baada ya kuangukiwa na dari ya nyumba ya watu. Lakini uliendelea. Ulipita pale, ukaendelea, mpaka ukaisha wenyewe kwa hiari yake.

"Wewe umegongwa sana," likasema jiliwa.

"Sana."

"Ila huna ufa."

 Nikakumbuka kwamba mbele ya mtani mtu halii, nikamwambia ananuka kama choo cha stesheni.

"Hapo sasa," likasema kwa kuridhika. "Nibebe."

Nikachuchumaa, nikalikumbatia, nikainuka kwa magoti kama walivyofundishwa waliotutangulia. Dunia ikawa nzito, kisha ikazoea. Udongo ulimwagika mabegani mwake, mbichi, mwekundu.

"Aisee, una uzito wewe!"

"Ungetaka mwepesi ungemwoa yule wa buluu." Halafu likanisogezea taya sikioni. "Sikiliza. Usinitafute dukani. Nipo hapahapa mjini. Mimi niliyebana vyuma vya garimoshi leo nazuia mlango! Ukiniacha huko utakuwa umenitukana kuliko utani unavyoruhusu."

"Mlango wa nani?"

Likafungua taya kunijibu, nikaamka.

Kumekucha. Nyamizi amekaa ukingoni mwa kitanda, amepandisha mguu gotini, khanga yake nyeupe kwa unga. Ametoka mashineni kusaga mahindi. Anakipuliza kidole gumba cha mguu na kukitukana kwa Kinyamwezi.

"Pole, mke wangu. Umefanyaje?"

"Nimejikwaa kwa Mama Kabula. Lile lichuma lake."

"Lichuma gani?"

"Si lile lenye mdomo, analozuilia mlango wa mashine usipigwe na upepo. Siku zote liko nyuma ya mlango, limejiegemea kama mgeni. Leo nafika nalikuta katikati ya njia. Namuuliza nani kalisogeza, ananiuliza mimi. Wabeba magunia wake wenyewe hawaligusi." Akakipuliza tena kidole. "Halafu limejaa udongo mbichi. Mwekundu. Kama limefukuliwa."

Nikakaa kitandani. Kiuno kikaniuma mahali ambapo jana hakikuniuma.

"Anasemaje, analiuza?"

"Nani auze kizuizi cha mlango? Kasema limemchosha. Atakayemtengenezea mlango ukakaa wenyewe, alibebe aende nalo."

Mlango ukae wenyewe. Hiyo ni bawaba na kitasa, kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye patasi, na patasi ninayo. Nikaanza kutafuta suruali.

"Mihayo, unakwenda wapi? Hujanawa hata uso."

"Kwa Mama Kabula. Mwambie jirani aniazime toroli."

"Baba, tulia kwanza. Lile dude hulijui wewe. Utaliweza?"

"Nimeshalinyanyua," nikasema, nikaokota patasi yangu, nikatoka.