Mpishi, Muuguzi na Ufa wa Kengele

Mimi, msomi wa bweni la juu, mtetezi wa ukweli na adui wa kila uzushi, niliinuka siku ile katika chumba cha kompyuta kuikomboa historia ya shule yetu. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Darasa zima likacheka.

Madamu wa Kiingereza alikuwa ametutuma mtandaoni kama wapelelezi: tusome kurasa za Kiingereza, tupime ipi ya kuaminika, kisha tutetee jibu. Swali: kengele ya bwalo ilipataje ufa? Mkuu wa shule alikaa nyuma, akizungusha ufunguo kidoleni. Alishatuonya kwamba tukitoka na porojo, chumba kinafungwa na Madamu anarudi kwenye chaki zake.

Porojo niliipika mimi. Swali tulipewa kabla ya likizo, nami nikaazima simu ya kaka na kutunga ukurasa mzima, kwa Kiingereza kilichovaa tai: mpishi wa zamani, baada ya kukataliwa na muuguzi, aliigonga kengele kwa mwiko wa chuma hadi ikapasuka. Nilitaka wanase wenzangu wawili watatu, tucheke. Wakanasa wote. Ukurasa wa shule ulisema kengele ilianguka tu, na nani atachagua kuanguka penye mapenzi?

"Mpishi alikuwa na masharubu mpaka hapa," alinguruma Kipaza, rafiki yangu mwenye sauti ya kuamsha maiti.

Masharubu? Sikuandika masharubu.

"Uongo mtupu, Madamu! Msiuamini ule ukurasa!" nikapiga kelele, na hapo ndipo kiti kilipoanguka.

Mkuu akakohoa. "Taratibu, kijana. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi hapa nilisikia habari za mpishi huyo."

Kichwa kikanizunguka. Hadithi niliitunga, au niliisikia mahali nikajidai nimeitunga? Nilimwona kabisa yule mpishi, mwiko mkononi, masharubu yamelowa machozi.

Madamu alikuja hadi kwenye kompyuta yangu. Kioo kilikuwa cheusi; sikuwa hata nimeiwasha.

"Wenzako wote wamesoma kurasa," akasema polepole. "Anayesema ni uongo ni wewe tu, na hujafungua hata ukurasa mmoja. Umejuaje, mwanangu?"

Ufunguo wa Mkuu ukatulia kidoleni.

"Niliuandika mimi, Madamu. Chumba kisifungwe kwa ajili yangu." Nikainua kiti changu. "Lakini masharubu, haki ya Mungu, sijui yametoka wapi."