Mkono wa Babu Mkuu

Wiki nzima Msasa hakutulia. Kesho baba yake alikuwa anakabidhi karakana ya useremala, na hakuwa anamkabidhi yeye. Alikuwa anamkabidhi Kobe, mtoto wa baba mdogo, fundi ambaye meza zake zinayumba kama mlevi anayetafuta kwao. Kisa? Kobe ni mashoto. Ndiyo, hicho tu! Katika ukoo ule, tangu enzi za Babu Mkuu, yule wa karne ya kumi na tisa aliyeanzisha kazi, randa na msumeno hushikwa kwa kushoto. Anayeshika kwa kulia ni kibarua, hata kama milango yake inafungika bila mlio. Na Msasa, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya ulimi wake, alishika kwa kulia.

"Hivi huyo Babu Mkuu alikuwa mtu gani hasa?" akawa anawauliza ndugu zake. Baba mkubwa akasema mkono ule wa kushoto alioteshwa ndotoni. Binamu mwalimu akasema alizaliwa nao. Kila mtu na lake! Msasa aliondoka chai ikiwa nusu, roho juu, akarudi karakana, akashika patasi, akaitupa, akatoka tena.

Alibaki bibi, shangazi wa baba yake, aliyelala chumba cha nyuma, macho yamezima lakini mdomo uko kazini.

"Mbona unahema? Umefukuzwa?"

"Bibi, nipe habari za Babu Mkuu. Kesho nimekwisha."

"Kaa basi, unanizungusha kichwa." Msasa akakaa, goti likicheza. "Mama yangu ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo mkwewe huyo. Mkono wa kulia ulilaliwa na gogo akiwa tayari fundi mkubwa, ana watoto. Vidole vyote vikafa. Akajifunza upya kwa kushoto, huku analia kwa hasira."

"Na watoto?"

"Wakamfuata. Aliwasihi watumie wa kulia, wakakataa katakata. Walidhani anawapima adabu. Nani ashike randa kwa mkono mzima mbele ya baba aliyepoteza wake? Wajukuu wakaambiwa ni sheria."

"Bibi! Na umenyamaza miaka yote hii?"

"Nani alikuja kumuuliza mwanamke mambo ya randa?"

Msasa alimkuta baba yake akifagia maranda. Hata salamu hakutoa, alimwaga maneno yote ya bibi. "Si sheria, baba! Ilikuwa heshima tu, na Babu Mkuu mwenyewe hakuitaka!" Alijiandaa kugombezwa.

Mzee aliegemeza ufagio, akaketi kwenye benchi.

"Mimi nilizaliwa wa kulia," akasema. "Baba yangu aliufunga kwa kamba mpaka ukasahau kazi."

"Hujawahi kusema."

"Ningesema nini? Ulipokuwa mdogo nilitaka kukufunga na wewe, mama yako akasimama mlangoni, akasema labda nimfunge yeye kwanza. Basi nikawa nakuona unaranda kwa huo mkono wako, nakasirika. Miaka yote nakasirika, nikidhani ni wewe unayenikera." Akafuta uso. "Mpigie Kobe. Asijisumbue kesho."

Msasa alikuwa ameshinda, na furaha haikuja. Alikaa kando ya baba yake, akaushika ule mkono wa kulia. Ulikuwa laini kuliko mwenzake, laini mno kwa seremala wa umri ule.